UZI: Misheni ipi ya Old School RuneScape imekukaa moyoni, na kwa nini?

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Nyuzi za dhahabu, silaha na mabosi zimejaa humu, lakini misheni (quest) hazipati nafasi yake. Kwangu mimi misheni ndizo zilizoifanya RuneScape iwe RuneScape. Gemu nyingi za mtandaoni za aina hii hukutuma uue mbwamwitu kumi, ulete ngozi, ulipwe, usahau. Hapa, tangu kampuni ya Jagex ilipoifungua gemu hii Januari 2001, kila misheni imeandikwa kivyake. Ina watu wake, ina fumbo lake, na ukiimaliza jina lake linageuka kijani kwenye orodha na hurudii tena kwa akaunti hiyo. Unaipata mara moja tu.

Naanza na yangu. Sitaji misheni moja, nataja mlolongo mzima unaoanzia Plague City na kuishia Song of the Elves. Kama hujaucheza na unataka kuukuta mpya, ruka hadi mchango unaofuata, maana hapa nafichua kila kitu.

Unafika Ardougne ya Mashariki, unamkuta Edmond nyumbani kwake karibu na ukuta. Binti yake Elena alivuka kwenda Ardougne ya Magharibi kuwauguza wagonjwa wa tauni na hajarudi. Ule upande wa pili umefungwa. Milango inalindwa na watu waliovaa vinyago, wanaitwa mourners, na hakuna raia anayeingia wala kutoka. Unamwaga ndoo nne za maji bustanini ili udongo ulainike, unachimba, unaangukia kwenye mfereji wa maji machafu. Wavu wa chuma umeziba njia, basi unafunga kamba na wewe na Edmond mnauvuta pamoja. Mkewe ameshakushonea kinyago cha kujikinga. Ndani unamtafuta Elena nyumba kwa nyumba, unamtengenezea ofisa wa mji dawa ya kichwa kinachomuuma kwa ulevi ili akupe kibali, unamfungua binti, kwisha. Misheni fupi, nyepesi. Unajiona shujaa.

Kisha inakuja Biohazard. Elena anataka sampuli ya tauni ipimwe na mtaalamu Guidor, kule Varrock. Huruhusiwi kujihamisha kwa uchawi kwa sababu chupa zitavunjika, hivyo unatembea. Guidor anapima, halafu anakuambia hakuna tauni. Haipo, na haijawahi kuwepo. Unakwenda kumkabili mfalme Lathas wa Ardougne, naye anakiri bila kupepesa macho. Anasema alibuni tauni ili kuwalinda raia wake dhidi ya ndugu yake, mfalme Tyras, aliyekwenda magharibi akaharibiwa na nguvu za giza. Sasa anahitaji mtu shujaa wa kumfungulia njia ya kwenda huko. Na wewe unakubali.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Gemu haikuulizi kama unamwamini. Inakupa hatua inayofuata, nawe umeshazoea kwamba hatua inayofuata hufanywa. Unapita Underground Pass, mapango yale ya kutisha ya mchawi Iban. Unapita msitu wa mitego wa Isafdar katika Regicide. Unachanganya chokaa, kiberiti na mafuta yaliyokenekwa kutoka kwenye lami, unajaza pipa, unalirusha kwa manati kwenye kambi ya Tyras, anaungua. Halafu mtu wa jamii ya elf aitwaye Arianwyn anakueleza kwamba aliyeharibika ni Lathas, na wewe umemuua ndugu asiye na hatia.

Sijaona gemu nyingine iliyoitumia tabia ya mchezaji dhidi yake mwenyewe kwa namna hii. Hukudanganywa na video ndefu ambayo hukuwa na la kufanya ndani yake. Ulikwenda kwa miguu yako, ukatafuta kila kiungo, ukapika lile bomu.

Na hawakuishia hapo. Katika Mourning's End Part I unajifanya mmoja wa mourners ili uwapeleleze, na ili wasikushtukie unapaka kondoo rangi waonekane wagonjwa, kisha unatia sumu kwenye akiba ya chakula ya watu wa Ardougne ya Magharibi. Wale wale uliowaona katika Plague City, mara hii wanaugua kwa mkono wako.

Song of the Elves ilikuja kwenye Old School Julai 2019. Plague City ilikuwa ya 2002. Watu walisubiri miaka kumi na saba kumwona Lathas akihukumiwa kwenye toleo hili (wale wa RuneScape 3, toleo jingine la gemu hii, walishapata mwisho wao katika Plague's End, 2014). Na misheni hiyo ya mwisho inaanzia kwa nani? Kwa Edmond.

Haya, leteni zenu. Msitaje jina tu, semeni kwa nini.

---

#2

Mkuu umeusema vizuri, ila Underground Pass umeipita mbio mno. Kuna paladini watatu mle ndani, Sir Jerro, Sir Carl na Sir Harry. Unawakuta baada ya madaraja na mishale na mawe yanayoporomoka, chakula kimekuisha, nao wanakugawia chao. Ni watu wema katika sehemu ambayo haina wema wowote. Kisha unagundua kwamba ili upite unahitaji beji zao, na njia ya kuzipata ni kuwaua.

Gemu haisemi neno. Haileti muziki wa huzuni. Inakuacha na beji tatu mkononi.

Kwa hiyo naona mtego uliousema haukuanza kwenye Regicide. Ulianzia hapa. Yule anayemuua Tyras ni yule yule aliyeshakubali kuua watu waliomlisha.

---

#3

Naheshimu sana uchaguzi wa mwanzisha uzi, lakini kwangu hakuna inayoifikia Recipe for Disaster, na nitaitetea.

Ilitoka Machi 2006 ikiwa misheni ya mia moja. Wangeweza kuadhimisha namba hiyo kwa joka kubwa kuliko yote. Badala yake walirudi kwenye jiko la kasri la Lumbridge, kwa yule mpishi ambaye karibu kila mmoja wetu alianza naye. Mnakumbuka Cook's Assistant: yai, ndoo ya maziwa, chungu cha unga. Mpishi huyo huyo sasa anaandaa karamu ya siri ya wakuu wa dunia nzima, na mchawi Culinaromancer anatokea kuwaangamiza. Muda unasimamishwa, wageni wanabaki wameganda mezani, na kazi yako ni kumwokoa kila mmoja kwa kumlisha chakula chake maalumu.

Uzuri wake ni kwamba kila mgeni ni misheni ndani ya misheni, na kila moja ina ladha yake. Kwa ajili ya Pirate Pete unatembea chini ya bahari. Kwa ajili ya mfalme Awowogei unarudi kisiwa cha nyani ukiwa na umbo la nyani. Kwa ajili ya Evil Dave, kijana anayejiona bwana wa uovu lakini anaishi chini ya nyumba ya mama yake kule Edgeville, unamtuma paka wako akamate panya ili upate viungo vya mchuzi, na unajaribu vipimo hadi kimoja kikubali. Na yule Lumbridge Guide, anayewapokea wageni wa gemu, anaokolewa kwa keki ya yai, maziwa na unga, safari hii vyote vimerogwa. Aliyeandika sehemu hiyo alikuwa anazungumza nasi tuliokuwepo tangu mwanzo.

Ili uingie sehemu ya mwisho unahitaji pointi 175 za misheni. Maana yake umeshaizunguka dunia nzima. Wale mezani unawajua. Umeshamsaidia huyu, umeshagombana na yule. Karamu ile ni wasifu wako wewe mchezaji.

Na glovu za barrows, zawadi ya misheni hii, mnazijua. Watu wengi wanaifanya kwa ajili ya glovu, sawa, lakini naomba mkifika pale mezani msimame dakika moja mwatazame wote waliokaa.

---

#4

Mimi nitasema ambalo wengi hamtalipenda. Misheni kwangu ni chombo. Nachagua Waterfall Quest, na sababu ni namba: pointi 13,750 za uzoefu wa Attack (kushambulia) na nyingine 13,750 za Strength (nguvu). Akaunti mpya ikiwa leveli 1 inaruka moja kwa moja hadi 30 kwa zote mbili bila kupiga kuku hata mmoja. Haina sharti la leveli yoyote. Unahitaji kamba, runi (mawe ya uchawi) sita za hewa, sita za udongo, sita za maji, na ujasiri wa kukimbia mbele ya majitu ya moto ambayo yakikupata umekwisha.

Hiyo ndiyo misheni bora kwa maana ya kazi inayofanya. Hadithi ni nzuri, ndiyo, lakini hadithi haikupunguzii saa za kupiga ng'ombe kule Lumbridge.

---

#5 (mwanzisha uzi)

Mkuu #4, karibu, na nashukuru umeileta hiyo, maana Waterfall inanisaidia mimi kuliko unavyodhani.

Kaburi uliloingia lilikuwa la nani? La Glarial, malkia wa elf. Kaburi ambalo halimruhusu mtu kuingia na silaha wala deraya, kwa sababu ni mahali pa amani. Ulichukua nini mle? Majivu yake na hirizi yake. Ukayabeba hadi chini ya maporomoko, ukayatia kwenye kikombe, ukachukua zawadi, ukaondoka na leveli 30.

Sasa cheza Roving Elves, inayokuja baada ya Regicide na inayodai uwe umemaliza Waterfall. Msituni unakutana na elf mzee aitwaye Islwyn. Ni mjukuu wa mfalme Baxtorian na Glarial. Anataka kujua nani amevuruga mapumziko ya bibi yake. Unatumwa urudi kaburini, upigane na mlinzi wake, uchukue mbegu ya kutakasia, uipande kule chini ya maporomoko ili mahali pale pawe patakatifu tena.

Yaani gemu ilikuacha uchukue zile pointi ukiwa mgeni usiyejua lolote, halafu ikaja kukuuliza ukiwa mkubwa. Chombo ulichokisema kina mwenyewe.

---

#6

Nimesoma #5 nikabaki kimya. Roving Elves niliifanya kwa kufuata mishale ya mwongozo na hilo la mjukuu lilinipita kabisa. Nitarudi kuyasoma mazungumzo yake.

Yangu: Monkey Madness I. Wengi wanaikumbuka kwa upanga wa scimitar ya joka, na kwa mateso ya kufika Ape Atoll, kisiwa cha nyani, ambako wapiga mishale wanakuangusha kwa sumu na unazinduka gerezani. Unasubiri mlinzi ageuke, unafungua kufuli, unakimbia kwenye majani marefu. Mara ya kwanza moyo ulikuwa unanidunda kweli.

Lakini kinachonirudia ni yule mtoto wa nyani penye migomba. Ukiwa umevaa hirizi ya kuelewa lugha yao anakudhania wewe ni mjomba wake. Ametumwa na shangazi achume ndizi, hawezi kuzifikia. Unamletea. Kwa kukushukuru anakuazima kitu chake cha kuchezea, akijua utamrudishia. Wewe unakipeleka kwa mchawi Zooknock pangoni, kinageuzwa kifaa cha kukubadilisha umbo uwe nyani. Misheni inaendelea, kuna vita, kuna pepo la msituni, kuna mfalme anayekushukuru. Yule mtoto bado yuko pale kwenye migomba. Ukipita tena baadaye ukiwa nyani, bado yuko.

---

#7

One Small Favour. Najua mtaguna.

Yanni Salika wa Shilo Village anakuomba umletee gogo la mkangazi mwekundu kutoka kwa mkata miti wa hapo jirani. Mkata miti anasema sawa, ila shoka lake limekuwa butu, lipeleke kwa Brian kule Port Sarim alinoe. Brian atalinoa, ila ana rafiki mwenye kesi, mwombe Aggie wa Draynor aje kumtolea ushahidi. Aggie naye ana lake. Na mwenye lake la baadaye ana lake. Unazunguka nusu ya dunia, kila mtu akikuomba kitu kidogo tu, mpaka orodha ya watu wanaokusubiri inakuwa ndefu kuliko unavyoweza kuishika kichwani. Kisha mnyororo wote unarudi nyuma: wa mwisho anaridhika, ndipo wa kabla yake anaridhika, hadi unafika tena kwa Yanni.

Watu wanaichukia kwa sababu ya kutembea. Nami naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wale wanaokutuma si wafalme, na hakuna dunia inayookolewa. Ni fundi, mchawi wa kijijini, mnoa mashoka. Ni misheni pekee ninayoijua inayokuonyesha kwamba watu wa gemu hii wana shida zao hata pale usipokuwepo, na kwamba shida ya mmoja imefungamana na ya mwingine. Baada yake nilikuwa nikipita Port Sarim naona mji wenye watu. Zamani niliona maduka tu.

---

#8

Hakuna aliyetaja mafumbo? Mourning's End Part II, wakuu. Temple of Light.

Hekalu la ghorofa tatu, giza, vivuli vinakushambulia. Kuna mwali wa mwanga, na una vioo na fuwele za rangi. Kazi yako ni kuuelekeza mwali kwa kugeuza vioo kwenye nguzo hadi rangi sahihi ifike kwenye mlango sahihi. Ukibadilisha nguzo moja juu, kitu kinafungwa chini. Nilichora ramani kwenye karatasi, ghorofa kwa ghorofa, nikitumia penseli za rangi. Nilipopata njia ya kuufikisha mwali kwenye madhabahu ya kifo sikuhitaji zawadi yoyote. Kuelewa jengo zima kwa kichwa changu ilitosha.

Ombi langu kwa yeyote ambaye hajaifanya: usifungue wiki ya gemu. Usiwashe ile programu-jalizi ya Quest Helper ndani ya RuneLite (programu ya kuchezea gemu) inayokupakia rangi mahali pa kubofya. Hilo hekalu lilijengwa ili likupoteze. Ukiongozwa hatua kwa hatua unakuwa mtu anayebonyeza vioo kwa maelekezo, na kwa namna hiyo ni misheni mbaya kabisa, nakubali. Wote wanaoilalamikia niliowauliza waliifanya kwa mwongozo.

---

#9

#8, nakuheshimu, lakini hapo tupingane kidogo.

Mimi nina muda mdogo wa kucheza. Nikipotea ndani ya Temple of Light kwa wiki tatu, naacha gemu, na Song of the Elves siifiki kamwe, kwa sababu Part II ni sharti lake. Ukiongeza leveli 70 katika stadi nane, kuanzia Agility hadi Woodcutting, utaona ni njia ndefu kiasi gani hata kwa mwenye mwongozo. Mwongozo ndio ulionifikisha mwisho wa hadithi ya Edmond. Bila huo nisingeweza hata kuchangia uzi huu.

Ninachokubaliana nawe ni kuhusu mazungumzo. Kwa vioo, fungua wiki. Kwa maneno, soma. Kinachoua misheni ni ile tabia ya kushikilia kitufe cha nafasi maneno yapite yenyewe. #6 amesema Islwyn alimpita, na nadhani wako wengi.

---

#10

Hapo nimekubaliana nawe, dada. Leveli zenyewe ni safari. Vioo fungua, maneno soma.

---

#11

Nimechelewa kuuona uzi. Naleta ya wasiolipia: Dragon Slayer I, ya Septemba 2001. Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa kilele cha akaunti za bure. Baada yake hakukuwa na nyingine mbele.

Anayekutuma ni Oziach wa Edgeville, mtu mkavu, anayekutazama kama huna maana. Unataka kuvaa deraya ya kifua ya rune, ile ya chuma? Nenda Crandor, kisiwa kilichoteketezwa, umuue joka aitwaye Elvarg. Ramani ya kwenda huko ilikatwa vipande vitatu na wachawi watatu waliosalimika. Kipande kimoja kiko ndani ya nyumba ya Melzar aliyerukwa na akili. Kingine kiko nyuma ya mlango wa uchawi kwenye mgodi wa mbilikimo, nao haufunguki mpaka utegue kitendawili cha Oracle kwa kuleta bakuli bichi, kileo cha wachawi, dema la kambamti na hariri. Cha tatu yuko nacho goblini aliyefungwa gerezani Port Sarim. Kisha unanunua meli mbovu kwa sarafu 2,000, unaziba tundu lake kwa mbao na misumari, na nahodha pekee anayekubali kwenda ni mzee Ned wa Draynor, yule msuka kamba. Ngao ya kukukinga na moto wa joka anakupa Duke Horacio wa Lumbridge, bure, ukimwomba tu.

Tazameni ilivyopangwa. Kila mtu unayemhitaji umeshampita mara nyingi bila kumjali. Ned ulimpelekea sufu akakusukia kamba. Duke alikaa tu ghorofani kwake. Na hata baharini joka linaipiga meli kabla hujakanyaga nchi kavu, kwa hiyo unapofika unajua huna pa kurudi kwa njia uliyojia.

Na hiyo deraya! Mtu yeyote mwenye sarafu angeweza kuinunua na kuiweka benki. Kuivaa ndiko kulikokuwa hakununuliwi. Ulipomwona mtu amesimama sokoni Varrock ana deraya ya kifua ya rune, ulijua amefika Crandor akarudi. #4 alisema misheni ni chombo. Hii inanipa jibu lake: zawadi kubwa hapa ni ruhusa, na ruhusa ina maana kwa sababu wote walioipata walipita njia moja.

---

#12

#11, sina la kubisha. Hiyo ni hoja safi. Naongeza tu kwamba kanuni hiyo inaendelea hadi juu: joho la misheni, analouza Wise Old Man kwa sarafu 99,000, halivaliki mpaka misheni zote ziwe zimekamilika, na ikitoka mpya unalivua mpaka uimalize hiyo nayo. While Guthix Sleeps ilipoletwa Old School Julai 2024 wenye majoho wote waliyavua, hata wa miaka mingi. Napenda sana kwamba hawakumwachia mtu yeyote.

Mimi wa #4, Waterfall bado naipenda. Lakini nimefungua tena mazungumzo ya Islwyn.

---

#13

Habari wakubwa zangu. Mimi ni mgeni, nina akaunti mpya ya kulipia, nimemaliza Cook's Assistant tu. Uzi umenifichulia mengi lakini sijali, sasa ndio natamani zaidi. Nataka kuufuata mlolongo wa Ardougne wa mwanzisha uzi. Je, nianze Plague City leo au nisubiri niwe na leveli?

---

#14 (mwanzisha uzi)

Karibu sana, mdogo wangu. Anza leo. Plague City haina sharti la leveli na haina pambano la lazima. Beba ndoo nne za maji, kamba, koleo la kuchimbia na beri za dwellberry ambazo mama yake Elena atazitumia kwenye kinyago. Kwa ile dawa ya ofisa utahitaji chokoleti iliyosagwa, maziwa na nyasi za snape, kwa hiyo ziweke kabisa usirudi nyuma. Ukimaliza utapata maandishi ya uchawi wa kujihamisha kwenda Ardougne, yasome mara moja, yatakusaidia muda wote.

Biohazard ifuate hapo hapo. Kabla ya Underground Pass simama. Fanya Waterfall upate zile pointi za #4, zitakufaa mno, ila kaburini tazama kila kitu na usome kitabu cha Baxtorian kabla ya kutupa. Kisha Tree Gnome Village na The Grand Tree, zitakupa Attack nyingi na ndizo zitakazokufungulia Monkey Madness ya #6. Underground Pass ingia ukiwa na chakula kingi, kamba ya akiba, na upinde wenye mishale, maana kuna daraja unaloliangusha kwa mshale wa moto.

Ukiwafikia wale paladini watatu, ongea nao kwanza wote, hata kama mwongozo unasema mmoja anatosha. Halafu urudi hapa utuambie walikuambia nini.